Kuruwa ya distribisyo: mambo ya kuangalia mbele ya kununua gari ya okazyo

Katika miji yetu ya mashariki, kutoka Bunia na Butembo mupaka Goma, Bukavu na Uvira, magari mengi yenye watu wananunua yalitumika kwanza katika inchi ingine. Mengi yanatoka Japani, volani ikiwa upande wa kuume. Yanashushwa kwenye bandari ya Mombasa ao ya Dar es Salaam, kisha yanaingia kwetu kwa barabara. Mwenye kununua anaangalia rangi, matairi na viti, anasikiliza moteri, anauliza kilometraji. Lakini kuna kitu kimoja chenye hakionekani, hakipigi kelele, na wauzaji wengi hawakitaje: kuruwa ya distribisyo, ile yenye jirani zetu wa Tanzania na Kenya wanaita mkanda wa taimingi.

Kuruwa hiyo ikikatika, moteri inazima palepale. Kwa moteri zingine, unabadilisha kuruwa na unaendelea na safari. Kwa zingine, supape zinapinda, pistoni zinagongwa, na mwenye gari anajikuta anatafuta moteri nzima. Kwa familia yenye iliuza shamba ao ilingojea zamu yake ya likelemba ili kupata taksi, tofauti hiyo ndiyo inaamua kama gari italeta feza ao italala kwenye kiwanja mwaka muzima. Habari njema ni kwamba mambo mengi unaweza kuyajua mbele ya kutoa dola yako.

Kazi ya kuruwa hiyo

Chini ya moteri kuna vilbreke, yenye inazungushwa na pistoni. Juu kuna arbrakame, yenye inafungua na kufunga supape: zingine za kuingiza hewa, zingine za kutoa moshi. Hizo mbili zinapaswa kwenda pamoja bila kuachana hata kidogo. Vilbreke ikizunguka mara mbili, arbrakame inazunguka mara moja. Moteri ikiwa kwenye mizunguko 3 000 kwa dakika, kila supape inafunguka mara 25 kwa sekunde moja.

Chenye kinaunganisha vilbreke na arbrakame kinaweza kuwa cha namna tatu. Ya kwanza ni kuruwa ya mupira yenye meno, yenye imetiwa nyuzi za nguvu ndani. Ya pili ni sheni ya chuma, yenye inazunguka ndani ya mafuta ya moteri. Ya tatu ni pinyo, ni kusema magurudumu ya chuma yenye meno, yenye yanashikana moja kwa moja. Sheni na pinyo zinaweza kuishi muda murefu kama moteri yenyewe. Kuruwa ya mupira, hapana. Inazeeka, na yule mwenye aliiunda anajua kama itapaswa kubadilishwa.

Usiichanganye na kuruwa za inje, zile zenye unaona ukifungua kapo, zenye zinazungusha alternateri ao pompi ya direksyo. Zile za inje zikilegea, zinalia asubuhi. Kuruwa ya distribisyo imefunikwa na mifuniko ya plastiki, na mara nyingi inakatika bila kutoa alama yoyote. Muuzaji akisema "nilisha kubadilisha kuruwa", muulize: gani? Wengine wanasema ukweli, lakini wanasema juu ya kuruwa ya alternateri.

Moteri yenye kusamehe na moteri isiyosamehe

Kuruwa ikikatika, arbrakame inasimama, na supape zingine zinabaki wazi. Vilbreke inaendelea kuzunguka kidogo kwa nguvu ya mwendo, na pistoni zinaendelea kupanda. Sasa swali ni moja tu: kati ya pistoni yenye imefika juu na supape yenye imebaki wazi, kuna nafasi?

Kwa moteri zingine nafasi iko. Pistoni inapanda, haigusi kitu. Utakosa safari ya siku ile, basi. Kwa zingine nafasi haiko: pistoni inapiga supape, supape inapinda, na mara zingine kilasi inapasuka. Moteri za mazutu karibu zote ziko za namna hii ya pili, kwa sababu pistoni zao zinapanda mupaka karibu kabisa na kilasi ili kukaza hewa sana. Kwa hiyo, ukinunua gari ya mazutu yenye kuruwa, ujue kwamba hakuna musamaha.

Jua jina la moteri mbele ya yote

Jina la gari halitoshi. RAV4 mbili zenye zinafanana kwa macho zinaweza kuwa na moteri mbili tofauti kabisa. Tafuta pleki ndogo ya chuma yenye iko ndani ya kapo ao kwenye nguzo ya mulango. Kwenye Toyota zenye ziliuzwa Japani, kuna mustari wenye kuandikwa ENGINE, na kando yake herufi na hesabu. Hizo ndizo jina la moteri. Haya ni majina ya moteri zenye zinaonekana sana kwenye njia zetu:

– 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE: Corolla na Carina za miaka ya 1990. Ziko na kuruwa. 4A-FE na 7A-FE kwa kawaida zinasamehe.

– 3S-FE: RAV4 ya kwanza, Ipsum ya kwanza, Noah ya kwanza. Iko na kuruwa, na inasamehe. Lakini pompi ya maji inazungushwa na kuruwa hiyo hiyo: pompi ikikwama, inaivuta kuruwa pamoja nayo.

– 2L, 3L na 5L: Hilux na Hiace za mazutu. Ziko na kuruwa. Hazisamehe.

– 1KZ-TE: Prado na Hilux Surf za mazutu za miaka ya 1990. Iko na kuruwa. Haisamehe.

– 1HZ: Land Cruiser za mazutu zenye mashirika mengi yanatumia, zile ngumu za kazi. Watu wengi wanafikiri kwamba, kwa kuwa iko nguvu hivyo, haina kuruwa. Iko nayo. Haisamehe.

– 1KD-FTV na 2KD-FTV: Hilux, Hiace na Prado za mazutu za karibu mwaka wa 2000 mupaka 2015. Ziko na kuruwa. Hazisamehe.

– 1NZ-FE, 1ZZ-FE, 1AZ-FSE na 2AZ-FE: Probox, Corolla za kisha mwaka wa 2000, RAV4 ya pili, Noah ya pili, Ipsum ya pili. Ziko na sheni.

– 1TR-FE na 2TR-FE: Hiace na Hilux za esanse za kisha mwaka wa 2004. Ziko na sheni.

– 4D33 ya Mitsubishi, yenye iko kwenye Canter nyingi: iko na pinyo.

Sheni haimaanishi kwamba umepona kabisa. Sheni inaishi kwa mafuta ya moteri. Kama wenye gari wa mbele walikuwa wanachelewesha vidanji, ao wanatia mafuta mabaya, sheni inarefuka na tandere yake inachoka. Sikiliza moteri asubuhi, ikiwa baridi, kwenye sekunde za kwanza: mulio wa chuma kama minyororo yenye inatikisika ni alama mbaya.

Kilometa hazisemi yote

Kwa moteri nyingi za Toyota zenye kuruwa, kipimo chenye watu wanajua ni kubadilisha kila kilometa 100 000. Watengenezaji wengine wanatoa kipimo kingine, kwa hiyo kitabu cha gari ndicho kinaamua. Lakini kilometa ni nusu ya hesabu tu. Nusu ingine ni miaka. Mupira unakauka na kupasuka hata kama gari imesimama. Gari yenye ilitembea kilometa 60 000 kwa miaka kumi na tano iko na kuruwa ya miaka kumi na tano, na hiyo ni kuruwa yenye imezeeka.

Tena kuna jambo la barabara zetu. Kilometraji inahesabu magurudumu, haihesabu mizunguko ya moteri. Fikiria gari yenye inatembea kwa wastani wa kilometa 60 kwa saa: itamaliza kilometa 100 000 kwa masaa karibu 1 670. Gari yenye inatembea kwa wastani wa kilometa 20 kwa saa, kwenye matope na mashimo, na kwenye ambuteyaji ya muji, itahitaji masaa 5 000 ili kufika kilometa zile zile. Kuruwa yake imefanya kazi masaa mara tatu zaidi, na mara nyingi kwenye vitesi ya kwanza na ya pili, moteri ikilia. Weka tena masaa yenye moteri inazunguka gari ikisimama kwa kungojea abiria ao kwa kushurjia simu, na vumbi yenye inaingia kwenye mifuniko yenye imevunjika. Ndiyo maana kwa gari ya kazi, taksi ao Hiace ya abiria, usingojee kipimo cha kitabu kifike mwisho. Badilisha mbele yake.

Kisha kuna kilometraji yenye imerudishwa nyuma. Na kuna gari yenye moteri yake ilisha kufa, wakaweka moteri ya okazyo. Hapo kilometa zenye unasoma kwenye tablo ni za bodi, si za moteri. Kuruwa ya moteri hiyo hakuna mwenye anajua umuri wake.

Taa ya T-BELT

Kwenye Toyota nyingi za mazutu kuna taa ndogo kwenye tablo yenye kuandikwa T-BELT. Inawaka kilometa zikifika, mara nyingi 100 000, kwa zingine 150 000. Watu wengi wanaamini kwamba taa hiyo inapima kuruwa. Haipimi kitu. Inahesabu kilometa tu. Haijui kama kuruwa iko mupya ao imepasuka.

Tena fundi anaweza kuizima bila kugusa kuruwa. Kwa magari mengine ni kubonyeza kidude kidogo, kwa mengine ni kuhamisha visi moja nyuma ya tablo. Kazi ya dakika chache. Kwa hiyo, taa yenye haiwaki haitoi ushuhuda wowote. Washa kontakti bila kuwasha moteri: taa zote za tablo zinapaswa kuwaka kidogo, na T-BELT pamoja nazo kama gari iko nayo. Yenye haiwaki kabisa pengine ampuli yake imetolewa. Na yenye inabaki inawaka inakuambia jambo moja wazi: hakuna mwenye alishugulika.

Alama zenye zinatoka Japani

Garaji za Japani ziko na desturi nzuri. Wakibadilisha kuruwa, mara nyingi wanabandika karatasi ndogo ndani ya kapo, juu ya mufuniko wa moteri ao karibu yake, wanaandika tarehe na kilometa. Itafute. Kama imeandikwa Kijapani, piga picha, programu ya simu itakutafsiria.

Angalia mwaka vizuri, kwa sababu Wajapani wanahesabu miaka kwa utawala wa mufalme wao. Herufi H ni Heisei: ongeza 1988. Herufi R ni Reiwa: ongeza 2018. Tena wanaandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Kwa hiyo H22.5.14 ni tarehe 14 mwezi wa tano mwaka wa 2010. Wengine wanasoma "22" wanafikiri ni mwaka wa 2022, na wananunua kuruwa ya miaka mingi wakisema iko mupya.

Linganisha kilometa za karatasi hiyo na za tablo. Kama karatasi inasema kuruwa ilibadilishwa kwenye 103 000 na tablo inaonyesha 89 000, hauna tena haja ya kuuliza maulizo mengi. Karatasi ya kutoa gari Japani, yenye inapaswa kufuatana na gari, nayo mara nyingi inaonyesha kilometa zenye zilisomwa kwenye kontrole ya mwisho. Iombe.

Fungua, angalia

Kwa moteri nyingi, mufuniko wa juu wa distribisyo umeshikwa na bulo chache tu. Fundi wako anaweza kuutoa mbele yenu. Muuzaji mwenye anakataa hata hilo, acha aende na gari yake.

Angalia mambo haya. Mgongo wa kuruwa: kuna mipasuko midogo, ao umengaa kama plastiki? Pembeni: nyuzi zimeanza kutoka? Meno: kuna lenye limekatika ao limelika? Mafuta: kuruwa imelowana? Mafuta ya moteri yanaharibu mupira, na yanatoka mara nyingi kwenye jwe spi za arbrakame ao za vilbreke. Maji: kuna alama za maji yenye yalikauka karibu na pompi? Na kwenye kuruwa ya Toyota yenyewe, hesabu ya piyesi inaanza na 13568. Ukiona jina la mutengenezaji mwingine, si kosa, lakini ni alama kwamba ilibadilishwa kisha gari kutoka kiwandani.

Ujue pia mupaka wa macho. Kuruwa yenye imepasuka iko mbaya, hiyo ni hakika. Lakini kuruwa yenye inaonekana muzuri haimaanishi iko mupya. Nyuzi za ndani zinaweza kuwa zimechoka, na galeti ya tandere inaweza kukwama na kuangusha kuruwa yenye ingali na meno yote.

Kubadilisha kwa namna inafaa

Kama hauna ushuhuda wa kuandikwa, hesabu kwamba kuruwa iko ya zamani, na uibadilishe mbele ya kuanza kazi. Usibadilishe kuruwa peke yake. Badilisha na galeti ya tandere, na ile galeti ingine kama iko, na jwe spi zenye zinatosha mafuta. Kama pompi ya maji inazungushwa na kuruwa hiyo, ibadilishe pamoja. Kazi kubwa ni kufungua, na haina maana kufungua mara mbili juu ya kipande kidogo.

Kuruwa mupya haikunjwi, haipindwi, haifungwi kama kamba: nyuzi za ndani zinavunjika bila kuonekana. Ikiuzwa sokoni imening'inizwa juani ao imekunjwa ndani ya sashe, iache. Lete ile ya zamani mulinganishe hesabu ya meno na upana.

Fundi anapaswa kulinganisha alama za vilbreke na za arbrakame, na za pompi ya mazutu kwa moteri zenye zinazungusha pompi hiyo. Kisha, mbele ya kufunga mifuniko, azungushe moteri kwa mukono, na ufunguo, mizunguko miwili kamili, na aone kama alama zote zimerudi mahali pao. Kama moteri inakwama, asisukume kwa nguvu: ni kusema supape imegusa pistoni. Kuwasha na demareri bila kufanya hivyo ni kucheza na kilasi ya mutu mwingine. Jino moja tu likikosa, moteri itakosa nguvu, itawaka kwa shida, ao itatoa moshi.

Kwa wale wenye wananunua moteri ya okazyo: badilishe kuruwa na jwe spi moteri ikingali chini, mbele ya kuipandisha ndani ya gari. Kazi iko nyepesi mara nyingi zaidi.

Kisha mambo yote, omba vipande vya zamani, na uandike kwa marke ndani ya kapo tarehe, kilometa na jina la piyesi. Siku utauza gari, maandishi hayo ni feza.

Ikikatika njiani

Fikiria kuruwa inakatika unashuka kwenye eskarpema ya Ngomo kuelekea Kamanyola, ao kwenye kona za Kabasha. Moteri inazima, direksyo inakuwa nzito, na pedali ya freni inabaki na musaada kwa mara chache tu. Usipige-pige freni; ikanyage moja kwa moja, kwa nguvu, na ushikilie. Usitoe ufunguo, kwa sababu volani inaweza kujifunga. Saidia na freni ya mukono, utoke pembeni, uweke majiwe kwenye magurudumu.

Kisha kusimama, usijaribu kuwasha. Demareri ikizunguka kwa urahisi sana, bila kukaza kama kawaida, pengine kuruwa imekatika. Kila mara unajaribu, pistoni zinapiga supape zaidi. Vilevile usisukumishe gari na vijana huku imetiwa vitesi. Ivutwe ikiwa kwenye pwemo, mupaka fundi afungue.

Wakati wa kupatana bei

Mbele ya kwenda kuona gari, uliza bei ya kuruwa, galeti, pompi na kazi ya fundi kwa moteri ile yenye umeandikiwa. Ukikuta hakuna ushuhuda, ondoa jumla hiyo kwenye bei. Si kubishana, ni hesabu: yeye anakuuzia kazi yenye hakufanya. Kama anasema alifanya, mwambie aandike kwenye karatasi ya mauzo tarehe na kilometa, na atie sinyatire mbele ya mashahidi. Mwenye alibadilisha kweli hana sababu ya kukataa.

Na kama utaajiri shofere, mupe hesabu hiyo naye aijue. Shofere mwenye anafikiria tu vesema ya siku hatakumbuka kilometa 100 000. Mwenye gari ndiye anapaswa kuzihesabu, na kuweka kando kila mwezi kitu kidogo kwa siku ile yenye kuruwa itabadilishwa kwa mapenzi yake, kwenye garaji, mbele haijaamua yenyewe kukatika njiani.